Kutoka Uani hadi Mkutano wa Kijiji: Mwongozo wa Utetezi wa Watu Wenye Ulemavu wa Akili

Utetezi wa ngazi ya chini, kwa maana inayotumika katika mwongozo huu, ni kazi ya wananchi wenyewe, katika kijiji, mtaa au kata yao, ya kudai kwamba vyombo vinavyogawa fedha, nafasi za shule, matibabu na ulinzi vimhesabu na vimsikilize mtu ambaye kwa kawaida havimwoni. Kwa watu wenye ulemavu wa akili kazi hiyo ina ugumu wa pekee. Mtu asiyeona au asiyesikia, pamoja na vikwazo vyote anavyokutana navyo, amekwisha kuwa na chama, viongozi na madai yanayofahamika serikalini, ilhali mtu mwenye ulemavu wa akili husemewa na mwingine, na huyo mwingine aghalabu ni mama aliyechoka, asiye na wa kumwachia mtoto ili naye afike mkutanoni. Mwongozo umeandikwa kwa kuzingatia zaidi mazingira ya Tanzania Bara, pamoja na maelezo machache kuhusu Kenya na Zanzibar, na hoja yake ni kwamba mambo huamuliwa zaidi katika mikutano ya kawaida, ile ya kila robo mwaka ambayo watu wengi huiona ya kuchosha, kuliko katika maadhimisho ya Siku ya Watu Wenye Ulemavu, tarehe 3 Desemba, yenye fulana, ngoma na mgeni rasmi.

Istilahi na sababu ya kuzipanga mapema

Ulemavu wa akili ni hali inayoanza kabla ya utu uzima, ambayo mtu hupata ugumu mkubwa wa kujifunza, kufikiri na kutatua matatizo, pamoja na ugumu wa kutekeleza shughuli za kila siku kama kujihudumia, kutumia fedha na kuwasiliana. Ulemavu wa ukuaji ni istilahi pana zaidi, inayokusanya hali zote zinazojitokeza wakati mtoto anakua, zikiwemo usonji, mtindio wa ubongo na sindromu ya Down, ambayo hutokana na mtoto kuwa na nakala 3 za kromosomu ya 21 badala ya 2. Si kila mwenye mtindio wa ubongo ana ulemavu wa akili, kwani wapo wenye akili timamu kabisa ambao misuli ya mikono, miguu na kinywa haiwatii, na kuwachanganya na wengine kumewanyima wengi shule. Baadhi ya vyanzo vya ulemavu wa akili huzuilika au hupunguzika, kama vile mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, manjano kali isiyotibiwa, malaria kali inayofika kwenye ubongo, homa ya uti wa mgongo na upungufu wa madini joto kwa mama mjamzito. Vingine ni vya kurithi au havijulikani.

Tofauti ambayo kila mwanakikundi anapaswa kuweza kuieleza kwa sentensi mbili ni ile iliyopo kati ya ulemavu wa akili na ugonjwa wa akili. Ugonjwa wa akili unaweza kumpata mtu yeyote katika umri wowote, hutibiwa, na wengi hupata nafuu. Ulemavu wa akili ni namna mtu alivyo, hauponi kwa dawa, na unachohitaji ni mafunzo, msaada na mazingira yanayofaa. Mtendaji asiyeijua tofauti hii huielekeza familia kwenye dirisha lisilohusika, na familia iliyozungushwa mara mbili kwa kawaida hairudi mara ya tatu. Majina kama taahira, punguani na zezeta hayana nafasi katika barua wala katika mazungumzo ya kikundi. Hata hivyo haifai kumshambulia mzee wa kijiji aliyeyatumia bila nia mbaya. Inatosha anayemjibu atumie jina linalofaa na kuendelea na hoja.

Silaha ya kisheria

Mtetezi wa kijijini hahitaji kuwa mwanasheria, ila anahitaji vifungu vichache anavyoweza kuvitaja bila kusitasita. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu ulipitishwa mwaka 2006. Kenya iliuridhia mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009. Ibara yake ya 4 inazitaka serikali kushauriana na watu wenye ulemavu, wakiwemo watoto, kupitia vyama vyao, kabla ya kuamua mambo yanayowahusu. Ibara ya 24 inahusu elimu jumuishi, yaani elimu ambayo shule hujirekebisha ili imfae mtoto badala ya kumngoja mtoto afanane na wengine. Ibara ya 12 ndiyo nzito kuliko zote kwa kundi hili, kwa kuwa inatamka kwamba watu wenye ulemavu wana uwezo wa kisheria sawa na wengine, maana yake wanaweza kumiliki mali, kufungua akaunti, kuingia mikataba na kuamua juu ya miili yao, na kwamba mtu anayepata ugumu wa kuamua asaidiwe kuamua, wala si kuamuliwa.

Kwa Tanzania Bara ipo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, ambayo pamoja na kutambua haki ya kusoma katika mazingira jumuishi, inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe kwamba angalau asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu. Sheria hiyo pia ndiyo msingi wa kamati za watu wenye ulemavu zinazotakiwa kuwepo kuanzia kijiji au mtaa, kata, halmashauri hadi mkoa. Mahali pengi kamati hizo zipo kwa majina tu, au zipo na zina mjumbe asiyeona, asiyesikia na mwenye ulemavu wa viungo, lakini hazina hata mmoja mwenye ulemavu wa akili wala mzazi wake. Swali la kwanza kabisa la kikundi kipya kwa mtendaji wa kijiji, kwa hiyo, ni dogo na lina jibu la ndiyo au hapana: je, kamati ipo, na wajumbe wake ni akina nani? Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2022, na Kenya ilitunga sheria mpya mwaka 2025 kuchukua nafasi ya ile ya mwaka 2003, mbali na Ibara ya 54 ya Katiba ya mwaka 2010 inayotaka hatua kwa hatua asilimia 5 ya nafasi za kuchaguliwa na kuteuliwa katika vyombo vya umma ziende kwa watu wenye ulemavu.

Kuhesabu kabla ya kudai

Kikundi kinachokwenda ofisini kikisema kwamba watoto wenye ulemavu ni wengi hujibiwa kwamba serikali inalitambua hilo. Kikienda na orodha inayoonyesha kwamba katika vitongoji vinne wapo watoto kadhaa wenye umri wa kwenda shule wasiosoma, kila mmoja akiwa na umri wake na umbali wa shule iliyo karibu naye, mazungumzo hubadilika, kwa sababu afisa analazimika kujibu idadi.

Namna ya kuuliza ndiyo inayoamua ukweli wa orodha hiyo. Anayebisha hodi na kuuliza kama nyumba ina mlemavu hujibiwa hapana, hata kama mtoto yuko uani, kwa kuwa familia nyingi bado zinaogopa kusemwa kuwa zimelaaniwa au zimelogwa. Kundi la Washington, lililoundwa chini ya Umoja wa Mataifa kushughulikia takwimu za ulemavu, liliandaa maswali 6 mafupi ambayo hayalitaji kabisa neno ulemavu, bali yanauliza kama mtu ana shida ya kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka au kuzingatia, kujihudumia, na kuwasiliana kwa lugha yake ya kawaida, na kila jibu lina ngazi 4, kuanzia kutokuwa na shida kabisa hadi kutoweza kabisa. Swali la kukumbuka na lile la kuwasiliana ndiyo yatakayowaibua wengi wenye ulemavu wa akili, ingawa kwa watoto wadogo maswali haya hayatoshi na mama aulizwe pia kama mwanawe alichelewa kukaa, kutembea na kusema kuliko wenzake. Majina yaandikwe kwa ridhaa ya familia, yatunzwe na mtu mmoja, na orodha inayopelekwa ofisini isiwe na majina, kwani orodha ya wasichana wenye ulemavu wa akili yenye majina na mahali wanapoishi ni hatari ikiangukia mikono mibaya.

Kikundi chenyewe

Vikundi vingi vya namna hii huzaliwa kwenye benchi, mahali ambapo akina mama husubiri zamu ya mazoezi tiba ya watoto wao na kugundua kwamba wote wameulizwa maswali yaleyale na wakwe zao. Mwanzo huo ni mzuri na usiharakishwe kwa katiba ya kurasa ishirini. Wanachama wachache wanaokutana kwa uaminifu, wenye daftari la mahudhurio na mchango mdogo unaowekwa kwa utaratibu wa vikoba, wana uwezo wa kuandika barua yenye uzito. Usajili katika halmashauri kupitia Afisa Maendeleo ya Jamii hufuata pale kikundi kinapohitaji akaunti ya benki au kinapotaka kuomba mkopo.

Yapo mambo ambayo huviua vikundi hivi mapema, na la kwanza ni saa ya mkutano. Kukutana siku ya gulio, au wakati wa palizi, au jioni ambapo maji hutoka bombani, ni kuwafungia mlango walewale wanaotakiwa. La pili ni kukosekana kwa wa kuwaangalia watoto, jambo linaloweza kutatuliwa kwa kupeana zamu, wawili wakikaa na watoto huku wengine wakizungumza. Akina baba nao waalikwe kwa jina na wapewe kazi mahususi, kama kupeleka barua au kufuatilia jambo kwa diwani, kwa sababu mwaliko wa jumla huwaacha kijiweni. Kisha lipo jambo la misaada: mtu anapofika na mchele na mpiga picha, kikundi kina haki ya kupokea mchele na kukataa picha za watoto, na mwenyekiti anayeweza kuyasema hayo mawili kwa adabu katika pumzi moja anastahili kubaki madarakani.

Kujisemea

Kujisemea ni kitendo cha mtu mwenye ulemavu kueleza mwenyewe, kwa njia yoyote anayoiweza, anachotaka na asichotaka, na kushiriki katika uamuzi unaomhusu. Harakati za namna hiyo kwa watu wenye ulemavu wa akili zilianza kuonekana Sweden katika miaka ya 1960, ambako vilabu vya vijana viliachiwa kuendesha mikutano yao wenyewe, na mwaka 1974 kundi lililojiita People First lilifanya mkutano wake mkubwa wa kwanza katika jimbo la Oregon, Marekani. Afrika Mashariki vyama vingi, kama KAIH ya Kenya, vilianzishwa na wazazi, na sauti za watoto wao waliokua zimekuwa zikiingia taratibu. Mpangilio huo unaeleweka, lakini una gharama yake, kwani mzazi hudai ulinzi, shule na matunzo baada ya kifo chake, ilhali mwanawe mwenye miaka 25 angeweza kudai kazi, mshahara unaokaa mfukoni mwake, na ruhusa ya kutembea hadi dukani peke yake. Madai hayo mawili hugongana, na kikundi kisichosikia mgongano huo hakijawasikiliza watu wake.

Maandalizi ya mtu kusema mkutanoni ni kazi ya wiki kadhaa, wala si ya asubuhi ya mkutano. Kijana achague mwenyewe jambo analotaka kusema, kwa kuonyeshwa picha au vitu halisi endapo maneno ni magumu, na jambo hilo lifupishwe hadi liwe sentensi moja au mbili atakazoweza kuzishika. Apelekwe mahali pa mkutano siku ambayo hapana watu, aonyeshwe pa kukaa na pa kusimama, akae kwenye benchi lenyewe na ajaribu kusema kwa sauti huku msaidizi wake akisimama mbali kidogo kidogo kila mara. Msaidizi huyo, ambaye kwa vyovyote asiwe mama yake kama upo uwezekano mwingine, kazi yake ni kukumbusha, kueleza kinachoendelea kwa maneno mepesi na kuwaomba wengine wasubiri. Hamalizii sentensi, hatafsiri kisichohitaji kutafsiriwa, na mwenyekiti wa mkutano anapomwuliza yeye badala ya kumwuliza kijana, anageuza uso kumtazama kijana na kunyamaza. Kunyamaza huko ndiko sehemu ngumu kuliko zote, kwa sababu sekunde kumi za ukimya mbele ya umati huonekana kama aibu, na mtu mwenye huruma hukimbilia kuzijaza. Asiyetumia maneno anaweza kuinua kadi yenye picha, au kusimama huku ujumbe alioukubali ukisomwa, mradi kila mtu aone kwamba ujumbe ni wake.

Maandishi nayo yafanyiwe kazi. Lugha rahisi ni uandishi unaotumia sentensi fupi zenye wazo moja, maneno ya kila siku, herufi kubwa na picha inayoeleza jambo lilelile. Tangazo la kawaida la kijiji husomeka hivi: wananchi wote mnaarifiwa kuhudhuria Mkutano Mkuu wa Kijiji utakaopokea taarifa ya mapato na matumizi ya robo ya pili pamoja na uibuaji wa miradi ya maendeleo. Kwa lugha rahisi tangazo hilohilo linakuwa: Mkutano ni Jumamosi. Utaanza saa 4 asubuhi. Utafanyika kwenye ofisi ya kijiji. Tutaambiwa fedha za kijiji zimetumika vipi. Tutachagua kazi za kufanya mwaka ujao. Wewe pia unaweza kusema. Wazee wasiosoma vizuri na vijana walioacha shule darasa la nne hufaidika na tangazo la pili sawasawa na mwenye ulemavu wa akili, na hoja hiyo imewashawishi watendaji ambao hoja ya haki peke yake isingewashawishi.

Mkutano, muhtasari na muhuri

Kisheria Mkutano Mkuu wa Kijiji ni mkutano wa wakazi wote waliotimiza umri wa miaka 18, nao hutakiwa kufanyika angalau mara moja kila miezi 3. Mtu mzima mwenye ulemavu wa akili, basi, si mgeni wala mtazamaji katika mkutano huo, ni mjumbe. Kikundi kifike na jambo moja, na jambo hilo liwe na mtu anayeweza kulitekeleza. Kudai elimu bora kwa watoto wenye ulemavu mbele ya mwenyekiti wa kijiji ni kumpa nafasi ya kupiga makofi na kuendelea na ajenda inayofuata, kwa sababu hana mwalimu wa elimu maalumu wa kumgawa. Kudai kwamba serikali ya kijiji iiandikie halmashauri kuomba kitengo katika shule ya msingi ya kijiji, yaani darasa lenye mwalimu aliyesomea elimu maalumu ndani ya shule ya kawaida, na kwamba kijiji kitenge chumba na kujenga choo kinachofikika, ni dai ambalo mkutano unaweza kulipigia kura siku hiyohiyo.

Baada ya kura, kazi halisi huhamia kwenye karatasi. Kilichosemwa mkutanoni na kisichoandikwa katika muhtasari, kiserikali, hakikusemwa, kwani muhtasari ndio unaopanda kwenda kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani, na kutoka hapo kwenda halmashauri. Mjumbe mmoja wa kikundi apewe jukumu la kumwendea mtendaji katika wiki inayofuata, kwa heshima zote, na kuomba kuuona muhtasari kabla haujasainiwa na kupelekwa. Watetezi wengi huipuuza hatua hii kwa kuona ni ya kikarani, na ndiyo maana madai yao hufia kijijini.

Barua ya kikundi kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri isizidi ukurasa mmoja. Iwe na kumbukumbu namba ya kikundi, tarehe, kichwa cha habari kinachotaja dai lenyewe, aya moja ya idadi iliyopatikana katika kuhesabu, aya moja ya kifungu cha sheria, na aya ya mwisho inayoomba jibu kwa maandishi kabla ya tarehe inayotajwa. Nakala ziende kwa Afisa Elimu anayeshughulikia elimu maalumu, kwa Afisa Ustawi wa Jamii na kwa diwani, na zitajwe chini ya barua ili kila mmoja ajue kwamba wenzake nao wanajua. Barua ipelekwe masijala ikiwa na nakala ya pili, na nakala hiyo irudi na muhuri wa kupokelewa, tarehe na sahihi. Nakala isiyo na muhuri haina thamani siku afisa atakaposema kwamba hakuna barua iliyofika. Siku 14 baadaye watu wawili waende kuuliza imefikia wapi, wakiwa na ile nakala mkononi.

Kalenda ya fedha

Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai, lakini anayepeleka dai mwezi Juni amechelewa kwa zaidi ya nusu mwaka. Vijiji na kata huibua vipaumbele mapema, halmashauri huandaa na kupitisha rasimu za bajeti zao kuelekea miezi ya mwanzo wa mwaka, na kuanzia Aprili Bunge linakuwa linajadili yaliyokwisha kupangwa. Kikundi kinachotaka mwalimu au viti mwendo katika bajeti kiwe kimemaliza kuhesabu ifikapo Agosti na kiwe na muhtasari wa kijiji ifikapo Oktoba. Kwa msomaji wa Kenya, tarehe za kuandika ukutani ni 1 Septemba, ambayo ndiyo mwisho wa mpango wa maendeleo wa mwaka wa kaunti kuwasilishwa kwenye bunge la kaunti, na 30 Aprili kwa makadirio ya bajeti, huku ushiriki wa umma ukiwa ni takwa la Katiba ambalo mahakama zimekuwa tayari kulisimamia.

Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2018, kila halmashauri Tanzania Bara hutakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, baada ya kuondoa yale yenye matumizi maalumu, kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu urekebishwe, kisha ikarejeshwa mwaka 2024. Halmashauri yenye mapato ya namna hiyo ya shilingi bilioni 1.5, kwa mfano, ingepaswa kutenga milioni 30 kwa watu wenye ulemavu, na kikundi kina haki ya kumwuliza diwani ni kiasi gani kilitengwa, kiasi gani kilitolewa, na ni wangapi kati ya waliopata wana ulemavu wa akili. Swali hilo la tatu ndilo lenye ncha, kwa kuwa masharti ya kuandika andiko la biashara na kufungua akaunti huwaondoa hawa kabla mchujo haujaanza, na mara nyingine ni karani wa benki anayekataa sahihi yao kwa kuamini kwamba hawana uwezo wa kisheria. Hapo ndipo Ibara ya 12 ya Mkataba inapoacha kuwa maneno ya karatasini na kuwa hoja ya dirishani. Masharti ya sasa yaulizwe kwa Afisa Maendeleo ya Jamii, kwa kuwa kanuni zake hubadilika.

Ukatili na ulinzi

Wasichana na wavulana wenye ulemavu wa akili hulengwa na wakatili kwa hesabu rahisi kwamba hawatasema, na wakisema hawataaminiwa. Kikundi kiwe kimekubaliana kabla ya tukio nani ataongozana na familia kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, nani atakwenda nayo hospitali, na kwamba nguo hazifuliwi na mwathirika haogeshwi kabla ya kupimwa. Sheria ya Ushahidi ya Tanzania haimzuii mtu kutoa ushahidi kwa sababu tu ana ulemavu wa akili. Kinachoangaliwa ni kama anaweza kuelewa maswali na kuyajibu, na maswali yanaweza kuulizwa kwa maneno mepesi. Shinikizo la kumaliza jambo nyumbani kwa mbuzi au fedha litakuja, na aghalabu litaletwa na watu wanaoheshimika. Wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 hutoa ushauri bila malipo, na Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora hupokea malalamiko dhidi ya vyombo vya umma vinavyokaa kimya.



Kura

Mwanasiasa humsikiliza anayepiga kura, na hapa ndipo watu wenye ulemavu wa akili walipo wachache kuliko mahali pengine popote. Katiba ya Tanzania, katika Ibara ya 5, inaliruhusu Bunge kuweka masharti ya kumzuia mtu kupiga kura kwa sababu ya ugonjwa wa akili, na Ibara ya 83 ya Katiba ya Kenya inamwondoa mtu aliyetangazwa kuwa hana akili timamu. Katika ibara zote mbili hakuna kinachomruhusu karani wa uandikishaji kumtazama kijana mwenye sindromu ya Down na kumwambia arudi nyumbani. Ulemavu wa akili si ugonjwa wa akili, na kutangazwa si kudhaniwa. Wakati wa uboreshaji wa Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, kikundi kiwapeleke wanachama wake pamoja, kiandike jina la kituo na saa ya kila aliyekataliwa, na kipeleke taarifa kwa msimamizi wa uchaguzi siku hiyohiyo.

Mkataba wa mwaka 2006, katika Ibara ya 29, unampa mpiga kura anayehitaji haki ya kusaidiwa na mtu aliyemchagua mwenyewe, na haki hiyo ifanyiwe mazoezi mapema. Njia iliyo rahisi ni kikundi kuchagua mwenyekiti, katibu na mweka hazina wake kwa kura ya siri, kwa karatasi zenye picha za wagombea, sanduku, pazia la khanga na msaidizi anayesimama nje ya pazia hadi aitwe, kila mwaka, ili atakayefika kituoni siku ya uchaguzi mkuu awe amekwisha kukunja karatasi ya kura kwa mkono wake mwenyewe mara kadhaa.